Rovu la Mume Wangu

Mume wangu alikuwa mchongaji. Alichonga twiga katika banda lililokuwa karibu na nyumba yetu ya kaunsili ya jiji, Shauri Moyo, Nairobi, na twiga humsumbua mchongaji kwa sababu ya miguu: patasi ikiteleza kidogo, mguu umekatika na kazi ya siku mbili imekwenda bure. Mwaka mmoja, katikati ya miaka ya tisini, akaanza kuvunja miguu. Wiki moja alileta nyumbani twiga watatu vilema, akaniambia niwatumie kama kuni.

Mikono ilikuwa inatetemeka. Alikula ugali wa watu wawili, lakini suruali ilimpwaya hata akaifunga kwa kamba. Julai, sisi wengine tukiwa ndani ya sweta, yeye alitoka jasho. Macho yakamtoka kama ya mtu aliyeshtuliwa. Akawa mkali kwa watoto, yeye ambaye hakuwa na desturi ya kupaza sauti.

Miaka ile kukonda kulikuwa na maana moja tu. Vijana waliochonga naye bandani walisema mzee amekanyaga waya, yaani ameambukizwa ukimwi. Niliyasikia hayo nikiwa kwenye foleni ya mfereji. Nikarudi nyumbani, nikatenga kikombe chake, sahani na kijiko, nikaviweka rafu ya chini. Nikahamia kulala na watoto upande wa pili wa pazia.

Alielewa siku hiyo hiyo. Alikitazama kikombe, kisha akanitazama mimi.

"Mama watoto, umepata wapi habari zangu ambazo mimi sina?"

"Sijasema kitu."

"Ndiyo. Hujasema."

Aliyeiona shingo yake ilivyovimba si mimi, ni jirani, mama mtu mzima kutoka magharibi mwa nchi ambaye mumewe alifanya kazi reli. Alikuja kuazima ungo, akamkuta mume wangu amevua shati. "Huyu ana rovu," akaniambia nje. "Kwetu tulifundishwa rovu ni kukosa chumvi ya dukani. Mtilie chumvi."

Nilifurahi, siwezi kuficha. Nilikuwa nimepata ugonjwa wenye jina jingine. Nikatia chumvi kwenye mboga, kwenye maharagwe, hata kwenye uji. Hakupona. Baada ya wiki chache moyo wake ulidunda hadi ungeuona kwenye shati, na hakuweza kupanda ngazi za kanisa bila kusimama.

Ndipo tukaenda hospitali. Daktari alimwambia anyooshe mikono, akalaza karatasi juu ya vidole vyake. Karatasi ikatetemeka kama jani. Akaishika shingo, akayaangalia macho, akasema damu itapimwa, lakini yeye ameshajua anachokitafuta: tezi ya shingo inafanya kazi kupita kiasi.

"Nimekuwa nikimwongezea chumvi," nikasema.

"Acha. Rovu si la aina moja. Lipo la kukosa madini yaliyo kwenye chumvi, lakini hili silo. Hili ukiliongezea madini hayo unaweza kulichochea."

"Basi ale nini?"

"Kwanza dawa, kila siku, bila kuruka. Chakula ni cha kurudisha mwili: maziwa, mayai, maharagwe, matunda. Apunguze chai kali na kahawa, moyo tayari unakimbia. Sigara aache kabisa, zinamharibia macho. Na apumzike."

Mume wangu akavaa shati lake. Akasema, "Nipime na ule mwingine pia, daktari. Mke wangu anataka kujua."

Daktari aliinama akaandika. Mimi niliangalia sakafu. Majibu yalipokuja, ukimwi hakuwa nao, na tezi ilikuwa kama daktari alivyosema. Nilikirudisha kikombe chake pamoja na vingine, naye akakinywea chai kama zamani. Angenitukana ingekuwa nafuu.

Nikamtumikia kwa jiko. Asubuhi uji wa wimbi wenye maziwa na yai la kuchemsha. Mchana ndengu, jioni muthokoi, yaani mahindi yaliyokobolewa na kupikwa na kunde, chakula cha kwao Ukambani. Chai niliifanya nyepesi hadi akaniuliza kama majani yamepanda bei. Sigara aliziacha kwa mateso, akitafuna vijiti siku nzima. Polepole mwili ukarudi, mikono ikatulia. Akachonga twiga, mguu wa kwanza, wa pili, yote minne.

Macho tu ndiyo hayakurudi ndani.

Kanisani akina mama walionikwepa wakaanza kuniuliza nilimfanyia nini. Siku moja nikasimama mbele ya watu nikatoa ushuhuda. Nilisema Mungu alitumia sufuria yangu. Nilitaja uji, mayai na muthokoi. Vidonge sikuvitaja. Nilitaka wanione mke mwema, baada ya yale niliyoyafanya, na yeye alikuwa ameketi pale akinisikiliza.

Aliacha dawa baada ya hapo. Sikujua. Nilijua alipoanza tena kutoka jasho, nikapekua koti lake nikakuta vidonge vya miezi miwili havijaguswa.

"Si ulisema ni chakula?" akaniuliza. Hakuwa ananikejeli. Aliniamini.

Siku mbili baadaye alianguka bandani, saa nane mchana. Vijana wale wale walimbeba kwa mkokoteni hadi hospitali. Moyo ulikuwa umechoka, wakasema. Alikaa wodini usiku mmoja na asubuhi moja.

Tulimzika kwao. Niliporudi Nairobi, mwanamke mmoja wa kanisani alinijia, ameficha shingo kwa kitambaa, akaniomba orodha ya vile vyakula. Nikamwambia chakula kilimpa mume wangu nguvu, ila kilichoishika tezi ni dawa, na kwamba shingo yake sijui ina nini mpaka ipimwe. Nikamwambia nitamsindikiza kesho.

"Mbona ulitoa ushuhuda?" akasema.

Nikamwambia tukutane langoni mwa hospitali asubuhi. Akaondoka amenuna. Kesho yake nilimsubiri langoni mwa hospitali hadi adhuhuri, lakini hakuja.