Amplifaya ya Kukaa Dakani

Nilisikia mvumo kabla sijaona kitu. Nilikuwa bado uchochoroni, begi begani, vumbi la stendi viatuni, na mvumo ule ulikuwa unapenya mlango wa mninga kana kwamba nyuma yake kuna mzinga uliochokozwa. Tabora ni mji wa asali, kwa hiyo kwa hatua mbili tatu niliamini kweli ni nyuki. Nikausukuma mlango. Macho yalikuwa bado yamejaa jua, na giza la ndani lilipopungua nikamwona baba amekaa mkekani, mgongo ameuegemeza ukutani, karibu kabisa na daka, ule uwazi uliochongwa ndani ya ukuta mnene ambamo nyumba nyingine huweka vitabu na sisi tuliweka muziki. Ndani ya daka amplifaya yake ya zamani ilikuwa inawaka, valvu zake za kioo zimekolea rangi ya machungwa, na ilikuwa inavuma hadi vikombe vya kahawa vinatetemeka kwenye sinia.

"Shikamoo, baba."

Hakuitika. Nikasogea mpaka kivuli changu kikamwangukia miguuni. Akainua uso, akatabasamu.

"Marahaba, mwanangu. Umeingia kama paka."

Nilikuwa nimebamiza mlango. Ule mlango ni mzito. Ulitengenezwa wakati misafara bado inapita hapa kwenda Ujiji, na usipoushika kwa mikono miwili hujibamiza wenyewe. Tulifundishwa kuushika tangu utotoni. Siku hiyo, kwa sababu ya begi, sikuushika.

"Hiki kimekufa," baba akasema, akionyesha daka kwa kidevu. "Kinawaka tu. Sauti hakitoi kabisa."

Nilikuwa nimesimama ndani ya sauti hiyo, naisikia mpaka kwenye meno. Na bado nilimwamini. Hilo ndilo ninaloliandika hapa, kwa sababu nimejaribu kuliandika kwa namna nyingine na kila mara linageuka uongo. Nilijiambia kwamba anamaanisha sauti ya muziki, si mvumo. Nilijiambia mashine ikizeeka huwa hivyo. Niliweka begi chini nikasema, kwa furaha ya mtu aliyepata kazi ya kufanya, "Basi nitakununulia nyingine."

Baba alikuwa muuza nguo maisha yake yote, lakini mtaani hakuna aliyemheshimu kwa ajili ya nguo. Walimheshimu kwa masikio. Kila mwaka, wiki chache kabla ya maulidi, wasomaji wa kasida walikuja nyumbani kwetu mmoja mmoja kusikilizwa. Baba aliwawekea kwanza kaseti ya mwalimu wake, iliyorekodiwa humu humu chumbani kabla sijazaliwa, ili wapate kipimo. Kisha akaizima, na mgeni akasoma. Palikuwa na desturi moja ambayo sijaikuta pengine: msomaji akisahau maneno haombi radhi wala haanzi upya. Hunyamaza tu na kungoja, na anayemsikiliza humpa neno la kwanza la ubeti unaofuata. Baba alitoa neno hilo haraka sana, kama mtu anayedaka kisahani kabla hakijafika sakafuni. Baada ya wote kupita, yeye ndiye alisema nani atafungua maulidi, na hakuna aliyebisha.

Mwaka huu walikuwa wamekuja mara mbili, na mara mbili aliwarudisha. "Mashine imekufa," aliwaambia. "Bila kaseti nitawapima kwa kitu gani?"

Kesho yake asubuhi nilimwendea fundi mmoja karibu na stesheni, Mnyamwezi wa Bukene mwenye miwani iliyofungwa kwa uzi, ambaye benchi lake limejaa redio za watu waliokwisha kufariki. Nilibeba amplifaya ya baba kwa kanga kama mtoto. Akaifungua, akapuliza vumbi, akaiunganisha na spika ya majaribio na simu yake. Muziki ukatoka. Chini yake mvumo, juu yake muziki, wazi kabisa, mpaka mama muuza maandazi wa jirani akaanza kuyumbisha mabega.

"Dada," fundi akasema bila kuniangalia, "hiki kina kapasita mbovu, ndiyo maana kinanguruma. Lakini kinaimba."

"Baba anasema hakitoi sauti."

Akashika bisibisi muda mrefu kuliko ilivyohitajika.

"Mzee amesema hivyo?"

"Amesema hivyo."

"Haya," akasema. "Basi tutafute kingine."

Nilimpenda kwa jibu hilo, na leo sijui kama nilipaswa kumpenda.

Nilikuwa na malipo ya hadithi yangu ya kwanza kuchapishwa, na nilitaka yawe kitu cha kushikika. Tukaanza kuchagua. Nilipima daka kwa shibiri: moja na vidole vitatu kwenda juu, mbili kwenda pembeni. Fundi alinifundisha kwamba valvu ni joto, kwa hiyo lazima ibaki nafasi ya hewa juu yake, la sivyo itapika chokaa ya ukutani. Alinifundisha kwamba chumba cha kuta za udongo hakihitaji nguvu; wati tano zinatosha, hasa kwa zile spika za baba, makabati mawili ya mbao ambayo huimba kwa kuguswa kidogo. Jioni nilisoma mtandaoni maoni ya watu wa nchi za mbali wanaobishana kuhusu utamu wa sauti za katikati, nikajiona mjuzi. Nadhani sijawahi kujifunza kitu kwa bidii namna ile. Kadiri nilivyojua zaidi kuhusu mashine, ndivyo nilivyozidi kupata sababu ya kutomwangalia baba.

Siku ya tatu fundi alikuja nyumbani na amplifaya mbili kwenye toroli. Ya kwanza ilitoka Dar, ndogo, inang'aa, na chini ya kila valvu kuna kitaa cha buluu. Ya pili aliijenga mwenyewe kwa vipuri vya redio kongwe: bati lisilopakwa rangi, transfoma nzito kama tofali, valvu mbili kubwa na moja ndogo.

Aliiweka sakafuni akahema, akamgeukia baba. "Mzee, nyie Waarabu mlikuja na nguo, mizigo tukabeba sisi. Leo tena nimebeba mimi, na wewe bado umekaa."

Utani huu nimeusikia tangu nikiwa mtoto, kwa kila Mnyamwezi aliyewahi kukanyaga dukani kwetu, na jibu la baba lilikuwa moja: "Na kabla ya kufika Kigwa nguo zote mlikuwa mmeshavaa ninyi." Nililingoja. Baba alimtazama fundi mdomoni, akaona anacheka, akacheka naye. Kisha akasema, "Karibu kahawa."

Fundi akaacha kucheka. Akainama kutafuta soketi.

Hapo ndipo nilipomkumbuka mama. Mama amefariki miaka mitatu sasa, na tangu utoto wangu dukani alikuwa na tabia ya kurudia kila alichosema mteja. "Anataka mita nne. Anauliza kama kitambaa kinachuja." Alirudia kwa sauti kubwa, akimkabili baba, na sisi watoto tulimwiga nyuma ya pazia linalotenga duka na chumba hiki, tukacheka mpaka machozi. Tulidhani ni mazoea ya biashara. Wakati wa kusikiliza wasomaji alikaa nyuma ya pazia lile lile, na sasa nikajiuliza ni maneno mangapi aliyoyatoa baba mkekani yalianzia kwake. Sijui. Labda baba alisikia vizuri wakati ule. Labda hakusikia vizuri kwa miaka kumi. Waliokuwa wanajua ni wawili, na mmoja hawezi kuulizwa.

Fundi aliwasha ile ya Dar. Taa za buluu zikapendeza.

"Hizo ni taa za harusi," akasema. "Valvu zimewekwa kwa ajili ya macho. Kazi inafanywa na kitu kingine chini."

Kisha akawasha yake. Tulingoja ipate moto. Kaseti ikaanza, na sauti ya mwalimu wa baba ikaingia chumbani polepole, kavu mwanzoni, halafu na pumzi yake yote, mpaka nikasikia mahali alipomeza mate kabla ya ubeti wa pili. Hapakuwa na mvumo hata kidogo. Baba alinyoosha mkono akakiweka kiganja juu ya kabati la spika. Akaongeza sauti. Akaongeza tena. Uchochoroni mtu akauliza kama kuna msiba.

"Hii," baba akasema, kiganja bado kipo pale. "Hii ina mwili."

Fundi alinitazama juu ya miwani yake. Ningeweza kusema hapo. Tulikuwa watu watatu tu, na fundi alikuwa ameshajua. Badala yake nilisema, "Itaenea dakani?" Akaiinua, akaiingiza. Ikaenea, na juu ikabaki nafasi ya vidole viwili.

Jioni ile ile, kwa furaha yangu ya kijinga, nilituma ujumbe kwa wasomaji kwamba mashine imepatikana.

Sikumwuliza baba. Nilidhani namfanyia mshangao. Nilipomwambia kesho yake, karibu na sikio na kwa sauti kubwa kama ya mama, aliacha kukoroga chai.

"Umewaambia waje lini?"

"Leo, baba, baada ya alasiri. Anaanza mmoja."

Akatazama daka. Akatazama ile mashine mpya kama mtu anavyotazama mlango ambao jana ulikuwa na komeo na leo hauna. Ndipo nikaelewa nilichokinunua. Ile mbovu ilikuwa inamfichia kitu. Alikuwa amejijengea sababu, sababu nzuri isiyomuumiza mtu, nami nikaja na pesa zangu za hadithi nikaiondoa.

"Tunaweza kuahirisha," nikasema.

"Kwa sababu gani?" akauliza.

Aliyekuja alikuwa mwalimu wa chuo cha Kurani, kijana wa miaka ishirini na kitu, kanzu imepigwa pasi mpaka inasimama. Alivua viatu mlangoni, akambusu baba mkono.

"Shikamoo, Maalim."

"Marahaba. Kaa nikuone," baba akasema, na alimaanisha hivyo hivyo.

Kaseti ilicheza. Baba alifumba macho, kiganja kwenye kabati. Nilikaa nyuma ya pazia, mahali pa mama, nimelisogeza nusu. Kaseti ilipokwisha, baba alitoa kiganja, kijana akajikohoza akaanza. Sauti yake ilikuwa nzuri, nyembamba kidogo, ya juu, ile aina ya sauti ambayo masikio yanayozeeka huipoteza kwanza. Baba alitikisa kichwa, kidole chake kikipiga mapigo gotini. Mapigo yalikuwa sahihi. Alikuwa anaijua kasida ile kwa miaka hamsini. Hakuhitaji kuisikia ili kuifuata.

Kwenye ubeti wa tatu kijana alisahau.

Alinyamaza, kama desturi inavyotaka, akangoja. Baba aliendelea kutikisa kichwa. Kidole kiliendelea gotini. Kijana akageuza macho kwangu, na mimi nilikuwa nalijua neno. Lilikuwa ulimini. Ningelitamka tu, angeendelea, na alasiri ile ingepita salama; na kesho angekuja mwingine, na mimi ningekaa nyuma ya pazia mpaka uzee wangu. Mdomo wangu ulifunguka. Sikutamka. Mpaka leo sijui kama ilikuwa heshima au woga.

Kichwa cha baba kikapunguza mwendo. Labda alihisi kitu, labda aliona muda umezidi. Akafumbua macho, akakuta midomo yetu yote miwili imetulia.

"Umenyamaza tangu lini?"

"Sasa hivi tu, Maalim."

Baba alimsoma midomo, kisha akanigeukia.

"Wewe. Tangu lini?"

Nikatoka nyuma ya pazia, nikapiga magoti karibu naye. "Tangu ubeti wa tatu, baba." Ilinibidi niseme kwa sauti kubwa. Kabla ya siku ile sikuwahi kumpazia baba sauti, na sasa nililazimika kurudia.

 Baba akanyoosha mkono dakani, akaitoa kaseti kwenye deki, akaifuta kwa upindo wa kikoi, akampa kijana.

"Chukua. Waambie wenzako kipimo ni hiki, lakini msikilizaji hayupo. Tafuteni mwingine."

"Maalim, tunaweza kusoma kwa sauti zaidi."

"Kasida haipigiwi kelele," baba akasema, kwa upole. "Unaanza juu sana. Hilo nimeliona shingoni mwako."

Kijana aliinama kutafuta viatu vyake, akavichanganya, akavivua tena. Baba alikuwa anaitazama amplifaya.

"Ni nzuri?" akaniuliza.

"Nzuri, baba."

"Haina mvumo?"

"Haina."

"Ile ya zamani ilikuwa nao?"

"Ilikuwa nao."

"Mwingi?"

"Mwingi," nikasema.

Akatikisa kichwa taratibu, akageuka kumtazama mgeni wake. Kijana alikuwa kizingitini, kaseti ameibana kwapani ili mikono yote miwili iwe wazi. Aliushika mlango wa mninga kwa uangalifu, akauvuta nyuma yake kidogo kidogo, kama tulivyofundishwa sote, mpaka ukafungika bila kutoa sauti.