Mabeseni ya Mama Félicité

Mtaani Mangobo wanamwita fundi wa manjanja, kwa kuwa kazi yake ni kubadilisha mabati ya paa. Hapandi juu kwanza. Mama Félicité, ambaye paa lake lilikuwa linavuja, alikwisha kumwegemezea ngazi ukutani, akashangaa kumwona anavua ndala mlangoni na kuuliza, kwa sauti ya mtu aliyekuja kumwona mgonjwa: "Mama, mvula ikinyesha unawekaka mabeseni wapi? Panga yote, hata ya kidogo." Akayapanga, sita na sufuria moja, na fundi akapita katikati yake akitazama juu. Siku tatu alibandua mabati yaliyoliwa na kutu na kupigilia mapya, misumari kwenye pembe ya mdomo. Kila msumari aliuvisha kiduara cha mpira alichokata kwenye ndala kuukuu. Kila bati aliligonga kwa kifundo cha kidole kabla ya kuhamia jingine. Alipomaliza, akaomba mabeseni yabaki palepale.

Alhamisi mvula ilishuka kwa kishindo. Watu wote walikimbilia kwao. Yeye alikimbia kutoka kwake, akaingia bila kuitwa, akachuchumaa katikati ya mabeseni, macho juu. Mara tone likalia ndani ya beseni la bluu. Uso ukamsawijika. Akatafuta tundu, hakuliona. Likalia la pili, na la tatu. Mama Félicité akaitazama kofia ya fundi iliyolowa, ukingo wake ukidondosha maji, akaangua kicheko. "Papa, ni weye njo unavuja!"

Fundi hakucheka. Alivua kofia, akaitupa nje kwenye mvula, akarudi kusikiliza.