Rimoti ya ndege niliyoirudisha dukani Mwanza, akauziwa madam wa Kamanga

Wakuu, za humu ndani. Hili limenitokea mimi mwenyewe, chumvi sijaongeza hata punje.

Naishi Nyakato. Nina ugonjwa wa ndege ndogo za foam, zile za kurusha kwa rimoti. Kurusha sijui, ndiyo najifunza.

Na mimi ni mtu wa kushuku. Hata dagaa nafukua mpaka chini ya kopo kabla ya kununua.

Mwezi uliopita nikapata seti ya mtumba mjini, Nyamagana: rimoti na risiva yake, kile kidude kinachokaa ndani ya ndege kupokea amri. Muuzaji mcheshi kupita kiasi, kila neno "braza". Nikaanza kunusa kitu.

Akaijaribu kwenye ndege ya dukani kwake, mota ikazunguka vizuri. Nikamwambia, sasa zima rimoti, ndege ibaki imewaka.

Akacheka. "Braza, ukizima hivyo unaua setting."

Mtu akikukataza kujaribu unachonunua, hapo kuna jambo. Lakini bei ilinilainisha, nikabeba.

Nyumbani nikaifunga risiva kwenye ndege yangu, nikatoa propela kwanza, nikawasha, kisha nikazima rimoti. Mota badala ya kufa ikapiga full!

Failsafe, yaani mpangilio wa kuzima mota ndege ikipoteza mawasiliano, ulikuwa unafanya kinyume. Nika-bind upya, yaani kuiunganisha risiva na rimoti, throttle (kijiti cha mwendo) ikiwa chini kabisa, ikarudia vilevile. Risiva mbovu. Signal ikikatika angani, hiyo ndege inakwenda kichwani kwa yeyote atakayekuwa mbele.

Kesho yake nikairudisha, nikamweleza ubovu wake. Jamaa akanibadilishia na charger bila kubisha hata kidogo, na hilo nalo nikalishuku. Ila niliondoka najiona mjanja.

Wiki iliyofuata nikapita pale. Akanitania: "Ile uliyoikataa kaichukua madam mmoja wa fizikia, wa Kamanga. Yeye hana maswali mengi kama wewe."

Nikamwambia nitamfuata huyo madam nimwonye. Jumamosi nikapanda kivuko. Kamanga mwalimu mwenye ndege hafichiki, mtu wa kwanza kumuuliza akanielekeza.

Nikajieleza. Madam akanipandisha na kunishusha kwa macho.

"Kaka, muuzaji alishaniambia kuna mtu atanifuata na maneno hayohayo. Unataka niikimbie uichukue kwa bei ya kutupa."

Nilichoka. Yule jamaa alikuwa amenitangulia! Na huyu naye kumbe mwenzangu wa kushuku.

Nikamwambia sigusi kitu, zima rimoti mwenyewe ndege ikiwa imewaka. Nikamwomba walau atoe propela, akakataa, akihisi nataka kumharibia. Basi tukaifunga ndege kwa kamba ya katani kwenye nguzo ya uani, akaiwasha, tukasimama nyuma yake.

Akazima.

Ndege ikanguruma, kamba ikakaza, vumbi likajaa uani, kuku wakatawanyika. Rimoti iko mkononi mwake, imezimwa, na ndege inazidi kuvuta. Mpaka alipoiwasha tena ndipo ikatulia.

Akakaa kwenye ngazi. "Jumatatu nilikuwa niirushe mbele ya wanafunzi wangu."

Kisha akaniuliza: "Sasa kaka, wewe ulijua tangu siku ile. Ulipoirudisha, ulidhani atainunua nani?"

Niliona aibu mbele ya yule mama. Kushuku kwangu kote kulikuwa kwa faida yangu tu.

Tukaing'oa risiva, akaiponda kwa jiwe yeye mwenyewe.

Mnaoanza huu mchezo: muuzaji akikataa uzime rimoti mbele yake, ondoka. Nyumbani toa propela, jaribu tena, halafu jaribu ukiwa mbali na ndege. Na kibovu ukikirudisha, usikubali kirudi kwenye rafu.

Muuzaji bado yupo palepale, anacheka na wateja. Kama kuna mwingine humu aliyewahi kurudisha kitu cha hatari akanyamaza kama mimi, aje aseme bila kuona haya, maana mimi nimeshaanza.