Blanketi Juu ya Miche

Miche ishirini ya parachichi niliiagiza mwenyewe kutoka kitalu kimoja cha Mbeya. Ilikuwa zawadi ya kumuaga mama, ili nikiondoka nisijione nimemtupa tena. Ilifika kwetu Chanji mwezi wa sita, baridi imeshashika, ikashushwa kwenye lori majani yamelegea. Mama aliitazama akiwa ameegemea fimbo. Goti lake halikuwa likikunjika tangu ateleze kisimani.

"Sasa hii nani ataiinamia?" aliuliza.

Mpanda kulikuwa na kazi inanisubiri, kwenye mashine ya kukoboa mpunga. Nilijiambia siku tatu zinatosha kuichangamsha miche. Nikaipanga na viriba vyake vya plastiki nyuma ya jiko, ambako upepo haufiki, nikaifunika kwa magunia. Maji niliipa asubuhi tu, jua likishapanda, maana huku kwetu udongo ukilala na maji unaganda.

Asubuhi ya pili mche wa pembeni ulikuwa mweusi, kama umebabuliwa na moto. Jioni mama aliingia chumbani, akafungua begi langu na kutoa blanketi.

"Mama, hilo nasafiri nalo."

"Mpanda kuna joto, baba. Utajifunika jasho?"

Blanketi lile nimelala nalo Tunduma, Kigoma, Chunya, kwenye vyumba ambavyo sikumbuki hata mlango ulikuwa upande gani. Nililitandaza juu ya fito nilizochomeka kuizunguka miche, lisiguse majani.

Basi la Mpanda huondoka alfajiri. Blanketi hutolewa jua likitoka, miche ipate mwanga, na mama hawezi kuinama. Zikapita siku kumi hivyo. Jirani yetu akipita na ng'ombe wake alinicheka: "Msafiri, bado upo? Au umeoa hiyo miche?" Rafiki yangu wa Mpanda alipiga simu mara mbili. Mara ya tatu akasema nafasi yangu wataishikilia mpaka kesho tu.

Kesho yake niliamka mapema, nikatoka na begi. Blanketi lilikuwa jeupe kwa barafu, gumu kama ubao. Niliinua pembe moja, nikapapasa. Majani yalikuwa laini, mazima. Honi ya basi ikalia kule barabarani. Vidole vikaanza kuniuma, na bado nimeishika ile pembe.

Nikaishusha. Nikaweka begi chini, nikalikalia.

"Umechelewa gari?" mama aliuliza kutoka mlangoni.

"Jua halijatoka, mama."