Siku Niliyofanya Usafi kwa Elfu Tano

Mke wangu alipoumia nyonga, daktari alimkataza kuinama kwa miezi mitatu. Aliipokea habari hiyo kwa utulivu ulionitia wasiwasi. Tulipofika nyumbani, Buzuruga, karibu na ziwa, alikaa kwenye kochi, akaitazama sakafu, akanitazama mimi, kisha akasema, "Tafuta mtu wa usafi. Na akitaja bei, mpe."

Hilo la mwisho lilinishinda. Nilikuwa nimestaafu, lakini miaka mingi nilipima pamba kwenye kiwanda kimoja huko Misungwi, na kazi ile ilinijengea imani kwamba bei ya kwanza anayotaja mtu ni salamu tu. Sokoni mke wangu alishaacha kufuatana nami, tangu siku nilipobishana na muuza nyanya mmoja mpaka akakusanya mafungu yake akahamia upande wa pili wa barabara.

Mama mmoja wa kanisani kwetu ndiye aliyetuletea mtu. Alikuwa mwanamke wa makamo, mwembamba, mwenye sauti ya chini. Alikuwa amefanya usafi miaka tisa kwenye gesti kule Busisi, enzi za watu kulala wakisubiri kivuko. Daraja lilipofunguliwa magari yakawa yanapita moja kwa moja, vyumba vikabaki na mashuka safi yasiyo na wa kuyalalia, naye akaja mjini na watoto wake wawili. Alizunguka nyumba yetu mikono nyuma, akachungulia chooni, akapitisha kidole juu ya kabati.

"Elfu kumi na tano kwa siku," alisema. "Mara mbili kwa wiki."

"Elfu tano," nikasema.

Mke wangu alifumba macho.

Nikaeleza hoja zangu. Nyumba ni ndogo. Tuko wawili tu, hatuna watoto wa kuchafua. Kufagia siyo kubeba magunia. Ni kazi ya kunyoosha viungo, mtu mwingine angelipia kuifanya. Yule mama alinisikiliza mpaka mwisho bila kunikatiza, kama mtu anayesubiri mvua ipite.

"Sawa, baba," alisema. "Kama inatosha elfu tano, kesho mimi nitakulipa wewe hiyo elfu tano. Ufanye, mimi nikae na mama hapa. Ukimaliza ukiona umelipwa vizuri, na mimi nitafanya kwa bei hiyo mpaka mama apone."

Nilidhani ni utani. Kesho yake, saa mbili asubuhi, alikuwa mlangoni. Mke wangu alikuwa ameshachemsha chai, tena ile ya maziwa na tangawizi ambayo mimi huipata sikukuu. Wakakaa kwenye ukumbi wa nyuma na maandazi. Nikaachwa na ndoo.

Usiku ule wadudu wa ziwani walikuwa wamepita. Anayeishi huku anawajua: hutoka majini kama moshi, hufuata taa, na asubuhi huwa wamelala chini ya dirisha kwa malaki. Nami nilikuwa nimesahau kuzima taa ya sebuleni. Nikachukua kitambaa kilicholowa nikaanza kuwafuta ukutani. Wadudu wale wakiwa wakavu hufagiwa kama vumbi. Wakilowa wanakuwa rangi. Baada ya dakika kumi nilikuwa nimepaka ukuta mzima rangi ya kijani iliyochanganyika na majivu, na kila nilipofuta iliongezeka.

"Baba, kwanza ufagio," sauti ya chini ilisema kutoka nyuma.

"Najua," nikajibu.

Nikadeki sebule. Nilianzia mlangoni kwa sababu ndipo nilipokuwa nimesimama. Nilipofika kona ya mbali, niligundua kwamba sakafu yote inang'aa kwa maji na mimi sina njia ya kutokea. Nilisimama pale pembeni ya televisheni nikisubiri ikauke. Mke wangu alipita na fimbo yake, akanitazama, akarudi kwa mwenzake. Nikasikia wakicheka.

Bomba lilikuwa halitoi maji siku hiyo, kwa hiyo niliteka kwenye tangi lililo chini, na nyumba yetu imejengwa juu ya mawe kama nyumba nyingi za huku. Ngazi ni ishirini na mbili. Nilikuwa nimezipanda miaka yote bila kujua idadi yake. Ndoo ya sita ilinifanya nikae chini nifikirie maisha.

Vitambaa vya makochi, vile alivyofuma mke wangu kwa mkono, niliviloweka pamoja na jezi yangu nyekundu ili kuokoa sabuni. Vilitoka vya waridi. Nilivianika kwa kuvificha nyuma ya shuka.

Kufikia saa saba suruali yangu ilikuwa imelowa mpaka magotini. Nikaivua, nikajifunga khanga ya mke wangu, na kichwani nikajifunga kilemba kwa ajili ya utando wa buibui. Nilikuwa nimeinama nikisugua baraza la mbele, mgongo barabarani, pale kijana jirani yetu, dereva wa bajaji, alipopita.

"Shikamoo, mama," alisema.

Ningeweza kugeuka. Nimelifikiria sana jambo hilo tangu siku ile. Badala yake nilijibu kwa sauti nyembamba, "Marahaba."

"Wewe ndiye dada mpya wa usafi?"

"Eeh."

"Wanakupa shilingi ngapi hapa?"

Nikaendelea kusugua. "Elfu tano."

Alisogea karibu na uzio, akanong'ona kwa huruma ya kweli. "Mama, nakushauri kama mwanao. Kimbia. Mzee wa nyumba hii ni mbahili, hata mimi aliwahi kunipunguzia nauli tukiwa tumeshafika. Mkewe ndiye mtu mzuri."

"Ahsante, mwanangu," nikasema.

Milango yote ilikuwa wazi ili sakafu ikauke, na nyuma ya nyumba kikombe kilianguka. Nilipofika ukumbini nilimkuta mke wangu ameshika nyonga kwa mikono miwili, machozi yakimtoka, akiniomba nisimsemeshe kwa sababu kucheka kunamuumiza. Yule mama alikuwa ameuinamisha uso kwenye khanga yake na mabega yanatikisika.

Nilimaliza saa kumi. Yeye alisema angemaliza saa sita. Alikagua chumba hadi chumba, taratibu, akasimama kidogo mbele ya ule ukuta. Kisha akafungua pindo la khanga akatoa noti ya elfu tano.

"Siwezi kuipokea," nikasema.

"Pokea, baba. Kazi imefanyika. Vibaya, lakini imefanyika."

Niliikunjua ile noti. Mgongo ulikuwa unaniuma mahali ambapo sikujua nina mgongo. Nikawaza kwamba kwa pesa ile nisingerudi kwenye ngazi zile hata kesho, sembuse mara mbili kwa wiki, na mtu huyu ana nauli ya kwenda na kurudi na watoto wawili shuleni. Nikamrudishia noti yake nikasema, "Elfu kumi na tano. Na nauli juu yangu. Na chakula cha mchana."

"Na vitambaa usiviguse tena," mke wangu akaongeza. Alikuwa ameviona.

Nyonga ilipona zamani, lakini bado anakuja Jumanne na Ijumaa. Ukuta aliusafisha siku moja kwa kitu alichokataa kunitajia. Majuzi aliniambia ana jambo, akakaa, akaanza kunieleza jinsi mchele ulivyopanda, na sabuni, na sare za shule. Nikasema elfu ishirini ni sawa. Akanitazama kwa kutoridhika kabisa. Alikuwa amejiandaa tangu nyumbani, na nilikuwa nimemkatiza kwenye hoja ya kwanza. Basi nikamwomba aendelee, akazimaliza zote, nami nikawa naitikia kwa kichwa kila alipofika mahali pazuri.