Jerikeni ya Mzee Gakwaya

Mume wangu Emery aliponiacha akahamia kwa mwanamke mwenye duka, kule Kakiika, Mbarara, aliondoka na redio, godoro na baiskeli. Baba yake mzazi hakukubali kwenda naye. Mzee Gakwaya alikaa kwenye kigoda changu akasema, "Mimi sihami. Chai ya hapa nimeizoea." Tangu siku hiyo baba mkwe wangu ni mzee wangu, na simrudishi kwa mtu.

Mwaka huu watu wa Natanaeli, wa kijiji cha pili hapa hapa kambi ya wakimbizi ya Nakivale, walikuja kumposea kijana wao binti yangu Eliane. Emery, ambaye hajamnunulia mtoto hata kandambili, akatuma neno: atakuja siku ya mahari na kreti za bia, akae kwenye kiti cha baba. Kwetu, anayewapa wakwe kinywaji cha kwanza ndiye anayemtoa binti. Nililia jikoni kwa hasira. Mzee alinisikia.

"Nyamaza, Mama Eliane. Wataanza na pombe ya asali. Nitatengeneza mimi."

"Baba, umewahi kuitengeneza?"

"Nimeinywa mingi."

Kwetu milimani, Kivu Kusini, alikuwa akichunga ng'ombe. Asali ililetwa na wengine. Sisi ni watu wa kanisa, lakini siku ya mahari kibuyu cha asali hupita, kila mtu ananywa kidogo, na pasta hutazama pembeni.

Mzee akapata asali iliyotoka Kikagate. Nusu yake akaichanganya na maji ya bomba na kimea cha mtama, akamimina yote kwenye jerikeni. Kila asubuhi aliweka sikio ubavuni mwa jerikeni kama anayemsikiliza ndama tumboni. Kimya.

"Hii ng'ombe haina mimba," akasema.

Nikanusa maji ya bomba. "Baba, maji haya yametiwa dawa ya kuua vijidudu. Imeua na kile kinachochachusha asali."

"Basi nichote ya ziwa?"

"Ukitaka wakwe waharishe."

Nusu ya asali iliyobaki tuliitia kimea kipya na maji ya mvua. Niliyachemsha, nikayaacha yapoe kabisa, maana maji ya moto nayo yanaua kimea. Haikupita muda jerikeni ikaanza kunong'ona. Mzee alifurahi mpaka akaogopa: inzi wataingia, watoto wa jirani wataonja. Akakaza kifuniko kwa nguvu zake zote.

Nilirudi kutoka shambani nikakuta jerikeni imevimba, naye amesimama juu yake na kisu.

"Imevimba! Ng'ombe akila majani ya umande anavimba hivi, unamutoboa ubavuni!"

"Baba, weka kisu! Legeza kifuniko!"

Alikilegeza. Kifuniko kiliruka kikagonga bati, povu likamwosha ndevu. Tulicheka mpaka jirani yetu Orpa akapaza sauti kutoka kwake, "Mumeshaanza kulewa?" Baada ya hapo kifuniko kilikaa kimelegea, nami nikamkataza Mzee kuonja kwa kidole.

Siku ya mahari Emery alifika na suti, kifungulio cha chupa mkononi, akakaa kiti cha mbele. Wageni walipokwisha kusalimia, Mzee akainuka na kibuyu. Emery akanyoosha mikono.

"Lete, Baba, niwape wakwe."

Mzee akampita kama anapita nguzo.

"Aliyetengeneza ndiye anaonja mbele ya wageni," akasema, akaniwekea kibuyu mikononi. "Mimi ningeitoboa na kisu. Huyu ndiye alilea asali, na ndiye alilea mutoto. Kunywa, Mama Eliane, kisha upe wakwe."

Nilikunywa, nikampa Natanaeli. Akanywa, akafuta midomo. "Tumepokea, mama," akaniambia mimi.

Bia ya Emery ilinywewa baadaye, jua limeshaipasha moto. Sijamsamehe, na sina haraka.

Mzee aliketi kando yangu akaninong'oneza, "Imebaki kidogo?"

"Imebaki, Baba."

"Usikaze kifuniko."