Ufa wa Émerance

Madeleine Chanda alikuwa fundi cherehani kando ya barabara ya Kipushi. Alishonea barazani, lakini macho yake yalishinda kwa jirani yake, Émerance. Tangu walipoolewa, alichopata Émerance kilimwasha Madeleine kama pilipili.

Mvua zilipokwisha, ardhi ya mtaa ule, iliyochimbwa shaba tangu zamani, ilianza kutitia. Ukuta wa Émerance ukapasuka.

Hapo ndipo Émerance akawa mtu wa maana mtaani. Kila mwezi alifika Ngosa, mtaalamu wa ardhi kutoka chuo kikuu, pamoja na Antoine wa ofisi ya mipango ya mji. Ngosa alipima ufa. Antoine alitafuta mahali pa kuhamishia watu.

"Uniache nipime musimu moja ya mvua," Ngosa alisema.

"Na mvua ikiangusha nyumba? Bantu beko ndani!" Antoine alidakia, akiwaza watu waliolala humo.

Walibishana hadi chai ikapoa, kisha wote wawili wakamgeukia mwenye nyumba: yeye anaonaje? Hata meya alimwita mkutanoni. Madeleine alisikia, akajichoma sindano.

Asubuhi moja alichukua kisu, akachokoa ufa mwembamba wa ukuta wake mpaka ukaingia kidole. Akawaita Ngosa na Antoine.

Ngosa aliugusa. Unga mpya wa plasta ukamwagika. "Mama, ukuta yako iko muzuri," alisema polepole. "Shukuru Mungu."

"Nishukuru nini? Kwa Émerance munakunywa chai, kwangu munapita tu!"

Antoine alifunga daftari lake, wakaenda zao.

Mwishowe wale wawili walipatana: watu wa upande wa Émerance wahamishwe kabla ya mvua, nyumba zilizobaki ziendelee kupimwa. Émerance akapewa kiwanja karibu na mtaa wa Hewa Bora. Kiwanja kipya! Madeleine aliacha kumsalimia.

Siku ya kuhama alisimama barazani, mikono kifuani. Émerance akamjia, macho yamevimba.

"Madeleine, batoto bangu bote nilibazalia mule. Wewe utabaki kwako. Minakuonea wivu, dada."

Maishani mwake Madeleine hakuna aliyewahi kumwonea wivu. Ikampendeza, Mungu amsamehe, ikampendeza kweli, kisha ikamuuma. Akavuka ua, akashika upande mmoja wa kabati la Émerance, mwenyewe akashika wa pili, wakalibeba hadi kwenye lori.